Mstari Usioshuka

Mjomba Vaidotas alilinda kivuko cha reli
nje kidogo ya Pagėgiai, miaka kumi na tisa,
na kila treni iliyopita aliiandika
kwa vidole viwili, kwenye kompyuta ya shirika:
saa, aina, mabehewa, hali ya hewa,
na mwishoni neno moja
ambalo hakuna bosi aliyemwomba.

Kilipoletwa kizuizi kinachojifunga chenyewe
walimpa saa ya ukutani, na nakala ya faili lake.
Saa haikufanya kazi hata siku moja.

Mimi niko wiki ya sita ya kozi ya jioni,
programu zangu bado zinatembea kama ndama wa jana.
Nilitaka kulimeza faili zima kwa mkupuo.
Feni ikavuma, kumbukumbu ikajaa,
skrini ikaganda kama Nemunas mwezi wa pili.
Mwalimu akacheka: Tonge kwa tonge, Skaistė.
Nani alikwambia ng'ombe huliwa mzima?

Basi nikaandika:
fungua faili.
Soma mstari.
Ukikuta alama ya kushuka, ongeza moja.
Rudi.

Wakaanza kuja, mmoja nyuma ya mwenzake,
wameshikana kwa ndoano nisizoziona:

0412, mizigo, 31, ukungu, shwari
0550, abiria, 6, ukungu, wamelala
0733, mizigo, 28, theluji, mbweha

Mstari mmoja tu mkononi. Ule uliopita umekwenda zake,
ule ujao haujulikani.
Nikawaza: ndivyo alivyoziona na yeye,
kutoka kibanda chenye dirisha moja.

Mahali fulani palikuwa na mstari mtupu
na programu yangu ikaanguka kifudifudi.
Nilikuwa nimedhani kila mstari una kitu.
(Homa, alisema baadaye. Siku nne. Nani angeandika?)
Nikaifundisha kuruka utupu bila kuuliza maswali.

Na Alhamisi, kila Alhamisi, treni ya saa tano,
neno la mwishoni lilikuwa Danguolė.
Danguolė, Danguolė, mvua, Danguolė,
mara mia mbili na nne, nilihesabu,
kisha Alhamisi moja ya Oktoba: shwari.
Na baada ya hapo shwari, shwari, shwari,
mpaka neno lenyewe likaacha kumaanisha shwari.
Sikuuliza. Kitanzi kilikuwa kinazunguka,
nami nilijifanya nashughulika na kitanzi.

Usiku ule alikuwa jikoni anamenya viazi vyekundu,
vidole vyake kama vya mtu aliyechinja.
Elfu sitini na moja mia nne na saba! nikatangaza.

Na nane, alisema, bila kuinua kichwa.

Mjomba, kompyuta haisahau.

Haisahau. Mia nne na nane.

Nikarudi kwa hasira, nikapekua msimbo wangu
kama mtu anayechambua mchele gizani,
nikateremka hadi chini kabisa ya faili,
na pale ulikuwepo, mstari wa mwisho,
mzima, na tarakimu zake zote,
ila hauna alama ya kushuka.
Nilikuwa nahesabu miisho, si mistari.

Siku ile, akasema mjomba,
msimamizi alisimama mlangoni ameshika koti langu.
Nikaandika treni yangu. Kile kitufe cha kushuka
sikukibonyeza.
Nishuke niende wapi?

Nikarekebisha. Hata usio na mwisho ni mstari.
Nikaiacha programu ipite tena reli nzima,
Alhamisi zote, homa, mbweha, ukungu,
mpaka kiberenge cha mwisho kikatoka kwenye skrini:

1140, mizigo, 44, jua, bado

Mia nne na nane, nikasema.

Alisukuma kisu kuelekea upande wangu wa meza.
Hivi vilivyobaki ni vyako.
Kimoja kimoja, na usikate vidole.